Upepo Haushuki: Kalipa, Fundi na Dola katika Historia ya Breki

Miaka kadhaa iliyopita, siku mbili kabla ya safari ya Iringa, nilipeleka gari langu dogo gereji ili libadilishwe kalipa za magurudumu ya mbele. Gereji yenyewe haina bango wala namba ya mlango. Ni mwembe mmoja, kontena lililokatwa ubavuni, na vijana sita au saba wenye mikono myeusi kwa grisi. Kijana aliyepewa kazi aliifanya kwa haraka na kwa ustadi wa kupendeza. Kabla ya adhuhuri kalipa za zamani zilikuwa zimelala mchangani, na zingine, za mtumba lakini nzima, zimekwisha kufungwa.

Tatizo lilianza alipokanyaga breki. Pedali ilizama kama mguu unaokanyaga godoro. Akatoa upepo, akaongeza mafuta, akatoa upepo tena. Mara nne alirudia, na mara nne pedali ilizama. Hatimaye akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, itakaza yenyewe ukishaanza kutembea nayo." Nilikuwa naingiza mkono mfukoni kumlipa pale mzee wa gereji alipopita na kikombe chake cha kahawa. Hakuuliza kitu. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akatazama, akazunguka upande wa kulia, akatazama tena. Kisha akamwambia kijana, bila kupaza sauti: "Umezivalisha kinyume. Ya kulia umeiweka kushoto. Nipeli ya kutolea upepo inatazama chini. Upepo haushuki, mwanangu. Upepo unapanda."

Zilibadilishana nafasi, upepo ukatolewa, na pedali ikawa ngumu kama jiwe. Katika safari hiyo niliteremka mlima wa Kitonga nikiwa na mke wangu na watoto wawili nyuma. Katika kila kona nilikuwa nawaza sentensi ile ya mzee, na nilikuwa nawaza pia jambo lililonitia hofu zaidi ya kona zenyewe: uhai wa watu wanne ulitegemea kwamba mtu fulani alipita na kikombe cha kahawa kwa wakati uliofaa.

Makala haya yanahusu jambo hilo. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa historia, nitalieleza kwa njia ninayoijua, yaani kwa kurudi nyuma. Breki ya gari ina historia, na historia hiyo inaonyesha kwamba usalama haukuletwa na mvumbuzi peke yake. Uliletwa na mvumbuzi, ukaenezwa na sheria, na hudumishwa kila siku na mkono wa fundi. Penye sheria dhaifu, mzigo wote humwangukia fundi, na penye fundi asiyefundishwa, humwangukia abiria.

Ngoma kabla ya diski

Magari ya kwanza yalirithi breki za mikokoteni: kipande cha mti kikisugua ukingo wa gurudumu, au ukanda ukikaza mhimili. Kwa mwendo wa farasi hilo lilitosha. Injini ilipoongeza mwendo, tatizo lilikua kuliko mwendo wenyewe, kwa sababu nishati ya kitu kinachotembea hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari linaloongeza mwendo maradufu linahitaji breki zimeze nishati mara nne. Chukua gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Ili lisimame, breki zake lazima zigeuze kuwa joto kiasi cha nishati kinachoweza kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji yaliyokuwa ya kawaida, na zifanye hivyo kwa sekunde chache. Breki ni jiko linalowashwa ghafla ndani ya gurudumu.

Mwaka 1902 ulitoa majibu mawili. Huko Ufaransa, Louis Renault aliunda breki ya ngoma iliyokuja kutawala kwa nusu karne: viatu viwili vinavyotanuka ndani ya duara la chuma. Mwaka huohuo, Birmingham, Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski: bamba la chuma linalozunguka na gurudumu, likibanwa pande zote mbili. Wazo la Lanchester lilikuwa bora, lakini liliwahi mno. Pedi zake zilikuwa za shaba. Zilipiga kelele za kuudhi zilipogusa diski, na ziliisha upesi katika barabara za vumbi za wakati ule. Wazo likawekwa kando.

Ngoma ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi, ilifunikwa dhidi ya matope, na viatu vyake vilijikaza vyenyewe gurudumu lilipozunguka. Ila ilikuwa na kasoro ya kimaumbile. Ikipata joto hutanuka, na kutanuka kwake ni kuvikimbia viatu. Kadiri dereva anavyoitumia katika mteremko mrefu, ndivyo inavyozidi kumtoroka. Diski haina tabia hiyo: ikitanuka huzifuata pedi, nayo hupigwa na hewa waziwazi. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga, Sekenke au Salgaa anaijua elimu hii kwa ngozi yake, hata kama hajawahi kusikia jina la Lanchester. Ndiyo maana madereva wa zamani hufundisha kwamba mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia.

Hatua nyingine kubwa ilikuwa kuacha waya na fito na kutumia mafuta kusafirisha nguvu ya mguu. Kanuni yake ilielezwa na Pascal katika karne ya 17: shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa huenda pande zote kwa usawa. Malcolm Loughead, Mmarekani, aliitumia kwenye magari, na mwaka 1921 gari la Duesenberg lilitoka na breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Henry Ford alizikataa kwa miaka mingi, akizisifu fito zake za chuma, hadi kampuni yake ilipozikubali katika magari ya mwaka 1939. Hapo pana funzo la kwanza: ujuzi unaweza kuwapo, umethibitika, na bado ukakaa nje ya mlango kwa miaka 18 kwa sababu mwenye kiwanda hajaridhika.

Mafuta hufanya kazi kwa sababu hayabanwi. Upepo hubanwa. Povu dogo la hewa katika bomba humeza nguvu ya mguu kabla haijafika kwenye gurudumu. Kijana wa pale gereji alijua kwamba upepo lazima utolewe. Hakuwa ameambiwa ni kwa nini unakaa juu.

Kutoka uwanja wa mashindano hadi barabarani

Diski ilirudi kupitia angani. Ndege za wakati wa Vita Kuu ya Pili zilihitaji kusimama katika njia fupi, na kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilipata ujuzi wa breki za diski katika kazi hiyo. Baada ya vita, Dunlop na Jaguar walishirikiana kuzileta kwenye magari, huku dereva wa majaribio Norman Dewis akizifanyia kazi ndefu ya kuzirekebisha. Mwaka 1952 Stirling Moss alishinda huko Reims akiendesha Jaguar yenye diski. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa karibu kilomita 170 kwa saa. Wapinzani wenye ngoma walilazimika kupunguza mwendo mapema kabla ya kila kona. Jaguar zilichelewa kupunguza, kisha zikasimama.

Mwaka 1955 Citroën ilionyesha gari lake la DS huko Paris, likiwa na diski mbele. Mwaka 1956 Triumph TR3 ikafuata nchini Uingereza. Kwa nini mbele kwanza? Kwa sababu gari likifunga breki uzito wake huinamia mbele, kama abiria wa daladala anavyoinama dereva anapokanyaga ghafla. Magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, na hadi leo magari mengi madogo yana diski mbele na ngoma nyuma. Kalipa ya mbele ndiyo kiungo kinachobeba sehemu kubwa ya deni letu la kila siku.

Lakini mwaka huohuo wa 1955 ulitoa funzo la pili, tena la kutisha. Tarehe 11 Juni, huko Le Mans, Mike Hawthorn akiwa katika Jaguar yenye diski alipunguza mwendo ghafla ili aingie kituoni. Lance Macklin aliyekuwa nyuma yake alikwepa. Nyuma ya Macklin alikuja Pierre Levegh katika Mercedes yenye breki za ngoma, akiwa katika mwendo mkali mno. Gari lake lilimparamia Macklin, likaruka na kusambaa juu ya watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa, Levegh mwenyewe akiwamo. Uchunguzi rasmi haukumtia hatiani dereva yeyote. Ulitazama ujenzi wa njia yenyewe: nafasi finyu mbele ya vituo, na watazamaji waliosimama karibu mno.

Nawaomba wanafunzi wangu walitafakari tukio hili kwa namna mbili. Kwanza, barabara ni mali ya wote, na usalama wa mmoja hauwezi kutenganishwa na usalama wa aliye nyuma yake. Magari yenye uwezo tofauti wa kusimama, yakichanganywa katika njia moja isiyo na kanuni, hugeuza ubora wa mmoja kuwa hatari kwa mwingine. Pili, waliochunguza hawakuishia kwa dereva. Waliuliza nani alijenga njia, kwa upana gani, na nani aliwaweka watu pale. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sheria inapoingia

Marekani, nchi tajiri kuliko zote kwa magari, ilichelewa. Kwa muda mrefu viwanda vyake viliuza mwendo na urembo huku magari mengi yakibaki na ngoma katika magurudumu yote manne. Teknolojia ilikuwapo, na gharama yake ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kulazimisha.

Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alichapisha kitabu kilichodai kwamba majeruhi wa barabarani walikuwa wanalaumiwa kwa makosa yaliyochorwa katika ofisi za wabunifu. General Motors ilikodi wapelelezi wamfuatilie maisha yake. Habari ilipofichuka, rais wa kampuni hiyo, James Roche, aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti mwezi Machi 1966, akaomba radhi hadharani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kitaifa ya usalama wa vyombo vya moto. Viwango vya kwanza vya lazima vilianza kutumika mwaka 1968. Kiwango cha breki kiliagiza mfumo uwe na njia mbili za mafuta, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Masharti ya kusimama yalipoendelea kukazwa katika miaka ya 1970, diski za mbele zikawa jambo la kawaida.

Angalieni mfuatano huo. Kati ya hataza ya Lanchester na kuenea kwa diski katika magari ya watu wa kawaida kulipita takribani miaka 70. Sehemu ya muda huo ilikuwa ya kitaalamu: kutafuta nyenzo za pedi, kuboresha mipira na vizibo. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya kisiasa. Watumishi wa umma wanaosoma hapa mara nyingi huambiwa kwamba kanuni ni kero kwa biashara. Historia ya breki inasema kwamba bila kanuni, usalama ungebaki bidhaa ya anasa, ukiuzwa pamoja na viti vya ngozi.

Vumbi jeupe

Kuna ukurasa mwingine ambao haufai kurukwa. Tatizo lililomshinda Lanchester, la nyenzo ya kusugua, lilitatuliwa kwa sehemu kubwa na Herbert Frood wa Derbyshire, aliyeanza kazi yake mwaka 1897 na kuanzisha jina la Ferodo. Mapema katika karne ya 20, asbesto iliingia kwenye breki: haichomeki, ni imara, ni rahisi. Kwa miongo mingi ikawa ndani ya pedi na viatu vya breki duniani kote.

Madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, na mapafu yake yakaeleza kilichomuua. Mwaka 1931 Uingereza iliweka kanuni za vumbi viwandani. Hata hivyo Uingereza haikupiga marufuku kabisa hadi mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya kwa jumla hadi mwaka 2005. Afrika ilikuwa ndani ya hadithi hiyo tangu mwanzo. Asbesto ilichimbwa Afrika Kusini, Swaziland na Zimbabwe, na mwaka 2000 wachimbaji na wakazi wa Afrika Kusini walilazimika kwenda hadi House of Lords mjini London ili tu waruhusiwe kuishtaki kampuni ya Cape katika mahakama za Uingereza. Waliruhusiwa.

Nalisema hili kwa sababu nimeona mara nyingi fundi akipuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa, akicheka, wenzake wakipita katikati ya wingu. Pedi ya kisasa iliyotoka katika kiwanda kinachofuata sheria haina asbesto. Je, ile isiyo na jina iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa ina nini? Anayeivuta hajui, wala aliyemuuzia. Kitambaa chenye maji, au dawa ya kusafishia breki, vinatosha kulilaza vumbi hilo. Ni ujuzi wa dakika moja, lakini lazima awepo wa kuutoa.

Kazi ya mkono na sababu zake

Tangu siku ile nimejizoeza kukaa gereji na kutazama, na nimemwomba mzee anifundishe. Naieleza kazi hapa si ili kila msomaji awe fundi. Nataka kuonyesha ni kiasi gani cha elimu kimefichwa katika kazi tunayoiita ya mikono mitupu.

Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini, kwa sababu likiwa juu gurudumu litazunguka na gari litatikisika. Magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa kigingi. Jeki hunyanyua, lakini stendi ndiyo hubeba, maana jeki ni mashine ya kuinua na hushindwa bila taarifa. Gurudumu likitoka, usukani hukunjwa ili sehemu ya nyuma ya kalipa ionekane. Hapo kuna boliti mbili zinazoshika kalipa kwenye pini zake, na nyingine kubwa mbili zinazoshika kishikizo chake kwenye kitovu cha gurudumu. Kama kinachobadilishwa ni pedi tu, kalipa hunyanyuliwa na kufungwa kwa waya kwenye springi ya shokapu. Haininginizwi kwa mpira wake wa mafuta. Mpira hupasuka kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki, na siku ya kupasuka kabisa si siku ile.

Kama kalipa yenyewe inabadilishwa, boliti ya mpira wa mafuta hufunguliwa mwisho, na washa zake za shaba hutupwa, zikawekwa mpya, kwa kuwa shaba huminywa mara moja tu ili izibe vizuri. Pini husafishwa na kupakwa grisi isiyoharibu mpira, si grisi ya kawaida inayouvimbisha. Kwa nini pini? Kwa sababu kalipa nyingi za magari madogo zina pistoni upande mmoja tu. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini zake na kuvuta pedi ya nje. Pini ikikwama, pedi moja hufanya kazi ya mbili, gari huvuta upande mmoja, na dereva hulaumu matairi.

Halafu huja jambo la kushoto na kulia. Kalipa mbili hufanana kama viatu vya jozi moja, na kama viatu hutofautiana. Nipeli lazima ikae juu, kwa sababu hewa hukusanyika juu. Boliti hukazwa kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji. Mafuta hayaachwi yapungue wakati wa kutoa upepo. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa kuwa pistoni zilizorudishwa nyuma ziko mbali na kazi yake. Fundi anayesahau hatua hiyo ya mwisho hugundua kosa lake ukutani.

Katika kila hatua niliyoitaja kuna sababu, na katika kila sababu kuna sayansi. Kijana aliyekosea hakuwa mzembe. Alijua hatua zote na hakujua sababu hata moja. Nilimuuliza baadaye nani alimfundisha. "Nilikuwa naangalia," alijibu. Alikuwa ameangalia kwa miaka mitatu, bila mshahara, akilipwa chakula cha mchana na ahadi.

"Chanzo ni kufeli kwa breki"

Sasa nirudi kwenye barabara zetu. Magari yetu mengi ni ya mtumba. Tanzania ilianza kulegeza masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980, na polepole gari la Kijapani lenye usukani wa kulia likawa gari la mwalimu, la muuguzi na la mfanyabiashara mdogo. Japani ina ukaguzi wa lazima: gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mwenye gari afikirie kuliuza. Hivyo sheria kali ya kwao ni moja ya sababu zinazoleta magari kwetu. Gari linaondoka katika nchi inayolikagua kwa ratiba na kuingia mahali ambapo mkaguzi wake wa kweli ni mzee mwenye kikombe cha kahawa.

Sisemi kwamba hatuna kanuni. Kenya huzuia magari ya mtumba yaliyozidi miaka minane. Waziri John Michuki alipotia saini kanuni za matatu mwaka 2003, na kuzitekeleza kuanzia Februari 2004, alionyesha kwamba dola ikiamua, mikanda na vidhibiti mwendo vinawezekana. Tanzania ina Wiki ya Nenda kwa Usalama na stika zake. Lakini stika hubandikwa kwenye kioo, na kalipa iko nyuma ya gurudumu.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria vifo vya barabarani kuwa 26.6 kwa kila watu 100,000 katika kanda ya Afrika, na 9.3 katika kanda ya Ulaya. Breki si chanzo cha vifo vyote hivyo. Mwendo, pombe, uchovu, barabara zisizo na njia ya waendao kwa miguu, na kuchelewa kwa huduma ya dharura vina sehemu yao kubwa. Ninachosema ni kwamba tunayo sentensi moja inayotuzuia kufikiri. Kila basi linapoanguka mlimani tunasoma: "Chanzo cha ajali ni kufeli kwa breki." Sentensi hiyo haina mtenda. Breki zimejifeli zenyewe, kama mvua inavyonyesha. Halafu dereva anakamatwa, kama hajafa, na faili linafungwa.

Wachunguzi wa Le Mans waliuliza maswali zaidi ya hayo, na walikuwa wanachunguza mchezo. Sisi tunasafirisha watoto wa shule. Nani alifunga breki zile, na alifundishwa wapi? Nani aliuza pedi, na zilipita kwa nani bandarini? Nani alilikagua gari mara ya mwisho, na je, alivua gurudumu? Tajiri wa basi alimwamuru dereva aondoke bila matengenezo? Majibu ya maswali haya yangewekwa wazi kwa kila ajali kubwa, baada ya miaka mitano tungekuwa na elimu ambayo leo hatuna. Wanaharakati wanaotafuta jambo la kudai, hili halihitaji mkopo wa benki ya dunia. Linahitaji ripoti ichapishwe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kufunga gereji za chini ya miti. Napinga. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya uliandika kwamba sekta isiyo rasmi ilikuwa na tija na ubunifu, na kwamba serikali ilikuwa inaibughudhi badala ya kuisaidia. Zaidi ya nusu karne baadaye tungali tunafukuza na kubomoa, kisha jioni tunapeleka magari yetu kwa walewale tuliowafukuza. Mzee aliyeokoa safari yangu hana cheti. Kijana wake akifukuzwa pale mwembeni hataacha ufundi. Ataufanyia mahali pengine, mbali na mzee.

Njia iliyo bora imekwisha kuanza, ila ni nyembamba. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kazini, mapungufu yake hujazwa, na hupewa cheti. Ningependa kuona utaratibu huo ukianza na breki na usukani kabla ya vitu vingine vyote, ukifuata mafundi walipo, na ukimlipa mzee kama mwalimu. Ningependa pia mkaguzi apewe muda na vifaa vya kuvua gurudumu, na apimwe kwa magari aliyoyakagua kweli badala ya stika alizobandika.

Mwezi uliopita nilipita tena pale gereji. Mzee amepunguza kazi kwa sababu ya macho. Kijana wangu sasa ana wanafunzi wawili wa kwake. Nilimkuta amechuchumaa kando ya gari, ameshika kalipa mbili mkononi, moja kila upande, akimuuliza mvulana wa miaka kama 17 ipi ni ya kulia. Mvulana alionyesha kwa kubahatisha, akapatia. Fundi hakumsifu. Alimwambia, "Sasa niambie umejuaje."